Mdomo Usiofunguka Nyumbani

Seremala huyu mtaa mzima ulimwita Patasi, na aliyembandika jina hilo hakukosea. Alikuwa mtu wa kuchonga taratibu, kidogo kidogo, mpaka kitu kikae. Mlango aliouweka yeye haukulia, na kabati lake halikufungwa kwa kusukumwa na goti. Lakini mpe wivu Patasi, uone patasi inavyogeuka shoka.

Na wivu wenyewe haukuwa ule tuliouzoea. Wanaume wengine huona wivu mke akichelewa sokoni, au simu ikilia akaenda kuipokelea uani. Patasi alimwonea wivu daktari wa meno. Tena si kwamba alimshuku mkewe. Hilo hata yeye, akili zikiwa zimemruka, asingethubutu kulitamka. Alimwonea wivu kwa sababu daktari yule alikuwa akionyeshwa kitu ambacho yeye, mume wa ndoa, alinyimwa. Kitu chenyewe ni ndani ya kinywa cha mkewe.

Mkewe alifundisha watoto wa darasa la kwanza, na kila mtu alimwita Mwalimu, Patasi akiwa wa kwanza. Ugonjwa ulimwanzia kwenye mabega na mapaja. Siku moja alishindwa kuinua mikono achane nywele. Siku nyingine aliketi kwenye ngazi za shule akashindwa kuinuka, na wanafunzi wake wakadhani ni mchezo, wakaketi naye. Hospitali walisema misuli yake imevimba kwa ndani: ule ulinzi wa mwili unaopigana na vijidudu umekosea adui, unaipiga misuli ya mwenyewe. Dawa zikamrudishia mikono na miguu, si yote, lakini ya kutosha kushika chaki. Kisha maradhi yakahamia mahali ambapo Patasi hakujua hata kama pana misuli, kwenye taya. Kiungo kilicho mbele ya sikio kikaanza kulia ka! kila akitafuna, kikauma, kikakaza. Mdomo uliokuwa ukipokea vidole vitatu vilivyosimamishwa sasa ulipokea viwili, tena kwa taabu. Mate yakamkauka. Mswaki haukufika nyuma, na huko nyuma gego moja likaoza kimyakimya mpaka likaanza kutunga usaha.

Hapo ndipo Mwalimu alipoanza kujifunika. Akizungumza, mkono mdomoni. Akitaka kucheka, anavuta mtandio. Akila, anaupa ukuta uso. Patasi alikuwa ameoa mwanamke mwenye kicheko cha kuonyesha magego yote, hicho ndicho kilichomleta kwao kuposa, na sasa kila mlo alikula na kisogo.

Aliyemsindikiza Mwalimu kliniki alikuwa dada yake Patasi, maana karakana haikai bila mwenyewe. Dada huyu Mungu alimpa ulimi ambao hata ukiulaza, unaota. Siku hiyo, wakitoka kwa daktari, alimfikisha wifi yake nyumbani, kisha akapitia karakana na kujitupa juu ya rundo la mbao.

“Kaka, yule daktari ana mkono mwepesi, wee! Anamwambia wifi, ‘Fungua, mama,’ anafungua. ‘Kidogo tena,’ anaongeza. Anampachika vijiti bapa katikati ya meno, kimoja juu ya kingine, kumzoesha, huku anamtania. Leo wifi kacheka mpaka vijiti vikamponyoka.”

Patasi akaacha kupiga randa. “Kacheka?”

“Kacheka.”

“Kwa mdomo?”

“Ulitaka acheke kwa goti?”

“Nauliza, kajifunika au hakujifunika?”

“Kwa daktari ajifunike nini, kaka? Mficha uchi hazai.” Dada alianza kuchokonoa mbao kwa kucha, dalili kwamba sasa anasema la maana. “Lakini sikiliza. Daktari wake wa misuli anataka kumwanzishia dawa kali zaidi, hizi za sasa zimefika mwisho wake. Dawa ile inalegeza ulinzi wa mwili. Usaha ukiwa bado mle mdomoni, ni kuwafungulia wezi mlango. Kwa hiyo gego litoke kwanza, na ili litoke, mdomo ufike vidole vitatu. Usipofika, itabidi alazwe usingizi hospitali kubwa, na kwa misuli yake ya kupumulia, daktari hataki hata kulisikia. Na dawa ikichelewa, wifi anarudi kule kule kwenye ngazi.”

“Sasa viko vingapi?”

“Viwili na nusu. Tunakwenda vizuri.”

Patasi alisikia yote, na aliyaelewa. Mkewe alikuwa anashindana na gego, na gego lilikuwa na haraka. Lakini dada alipoondoka, lililobaki kichwani likizunguka kama msumeno lilikuwa neno moja tu: kacheka.

Jioni Mwalimu alipakua viazi vya kupondwa na supu iliyochujwa, akavuta kigoda chake, akaugeukia ukuta.

“Geuka nikuone,” Patasi alisema.

“Kula, chakula kitapoa.”

“Kwa daktari unafungua.”

“Kwa daktari natibiwa.”

“Na hapa?”

“Hapa tunakula.”

Angeweza kuuliza swali la maana, kwamba panauma wapi, au leo amekunywa maji kiasi gani kwa kinywa kile kikavu. Hakuuliza. Alikaa akiikumbuka mikono ya daktari, maana aliwahi kumwona getini mwa kliniki: kucha safi, vidole virefu, shati limenyooshwa utadhani halijawahi kukaliwa. Akaitazama yake. Gundi ilikuwa imekaukia kwenye vifundo, na dole gumba lilikuwa jeusi tangu nyundo ilipokosa msumari. Ndiyo maana, alijiambia. Nani angeifungulia mikono hii mdomo?

Mtu akishafika kwenye ndiyo maana, jua wivu umemaliza kula nyama, sasa unaguguna mifupa.

Vile vijiti aliviona kwenye mkoba wa mkewe. Vilikuwa vyembamba, vyepesi, vya mti laini. “Vya kulia aiskrimu!” alisema kwa sauti, peke yake chumbani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akajisikia mtu. Kwenye mbao huyo daktari hamfikii. Akaenda karakana, akachagua kipande cha mti mgumu kilichobaki kwenye kitanda cha maharusi, akachonga kabari. Haikuwa kabari ya kubania mpini wa shoka. Hii aliikata kwa vidaraja, kila kidaraja kimezidi kilichotangulia kwa unene wa kadi, pembe zote akazizungusha. Akaipiga msasa mpaka ikateleza kama sabuni. Akaichemsha, akaikausha, akaipaka mafuta ya kupikia. Alikuwa anajua afanyalo, kasoro kitu kimoja. Alikuwa anaitengenezea mlango. Mlango uliokaza, kila seremala atakwambia, haubembelezwi kwa vijiti. Unautafutia kabari, unausogeza, unapumua, unausogeza tena. Na moyoni alikuwa na maneno ambayo hakumwambia mtu: nitaufungua mimi.

Jumapili mchana alimkabidhi. Mwalimu aliigeuzageuza mkononi, akapitisha kidole kwenye vidaraja.

“Umeichonga vizuri,” alisema nyuma ya mtandio.

“Ijaribu.”

“Daktari kasema tusilazimishe.”

“Daktari, daktari! Nyumba hii ina mume au ina daktari?”

Mwalimu alimtazama. Aliuona uso wa mtu aliyeshinda siku nyingi akisugua kipande cha mti kwa ajili yake, na akamhurumia. Huruma ile ndiyo iliyomponza. “Basi geukia huko,” alisema.

Patasi akageuka. Alisikia mti ukigusa meno. Kidaraja cha kwanza, kimya. Cha pili, pumzi ikavutwa puani. Kisha sauti ya mkewe ikatoka imebanwa na mbao: “Imekwama.”

Laiti angesema jambo lingine lolote! Mwambie seremala kabari imekwama, mkono wake hauombi ruhusa kichwani. Patasi alijigeuza. Mwalimu alijifunika uso kwa viganja, kabari ikichomoza katikati ya vidole, naye Patasi akaweka kiganja chake kwenye kitako cha kabari, akasukuma. Hakusukuma kwa hasira, wala kwa nguvu zake zote. Alisukuma kiasi cha kukalisha ubao.

Kiungo kikalia, ka. Mwalimu akapiga ukelele ambao haukupata mlango wa kutokea.

Jumatatu karakana haikufunguliwa. Patasi alimpeleka mkewe kliniki mwenyewe, shavu limetuna, mdomo umefunga. Daktari wa meno alikuwa kijana kuliko alivyomkumbuka, na hilo nalo likamchoma, hata siku kama ile. Wivu hauna adabu ya msiba. Daktari aliweka vidole mbele ya masikio ya Mwalimu, akamwomba afungue kadiri anavyoweza. Mwalimu akamtupia mumewe jicho.

“Geuka.”

Patasi akageukia ukuta. Mbele yake palibandikwa picha ya jino linalocheka, limeshika mswaki, nalo hilo jino lilikuwa na meno yake. Alilitazama kwa chuki.

“Kidole kimoja,” daktari alisema. “Juzi tulikuwa viwili na nusu. Kumetokea nini, mama?”

“Nimepiga miayo,” Mwalimu alijibu kwa shida.

“Miayo?”

“Miayo mikubwa.”

Patasi akajiona anavuka mpaka wa aibu, anaingia nchi nyingine kabisa. Mwanamke aliyeumizwa naye alikuwa anatumia nafasi ya kidole kimoja kumsitiri. “Si miayo,” aliliambia jino la ukutani. “Ni mimi.” Akatoa kabari mfukoni, akainyoosha nyuma yake bila kugeuka.

Kisha daktari akasema, “Umeichonga wewe?”

“Mimi.”

“Ni nzuri kuliko vifaa vyangu.”

Afadhali angempiga kofi. Ila daktari hakuwa anakejeli. Alikuwa anaipima kweli kwa kidole. “Mzee, bawaba ya mlango inafanya nini?”

“Inazunguka.”

“Hii ya taya inazunguka, halafu inateleza mbele. Ni bawaba na droo kwa pamoja. Sasa yake imevimba, na misuli inayoivuta inaumwa. Droo iliyovimba ukiisukuma kwa nguvu?”

Patasi akafumba macho. “Inakaza zaidi.”

“Ndiyo tulipofika.” Daktari akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba vijiti vipumzike kwanza. Kitambaa cha moto asubuhi na jioni, halafu akandwe hapa penye shavu na hapa juu ya sikio, polepole. Kusukutua kwa maji ya chumvi, maji ya kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, mswaki wa kitoto unaopenya. Atampa na dawa ya kuutuliza usaha, ila dawa hiyo ni ya kununulia muda tu. “Mimi namwona mara moja kwa wiki. Kazi yenyewe iko nyumbani. Tukichelewa, gego litatutangulia.”

Iko nyumbani! Patasi aliyasikia maneno hayo moyo ukamruka, akataka kumkumbatia yule kijana na shati lake. Basi na yeye amepewa kitu. Lakini Mwalimu alikuwa ameshasema: “Wifi atanikanda.”

Ugomvi uliwangoja nyumbani, ukawalaki mlangoni.

“Sasa wivu nimwonee na dada yangu wa tumbo moja?” Patasi alifoka. “Daktari anaona. Dada anashika. Kesho utaniambia jirani naye ana zamu. Mimi ndiye niliyekuumiza, sawa, nimekosa, nipige! Lakini hata kabla ya kabari ulinifungia. Nimekukosea nini mimi, nile na kisogo mwaka mzima?”

Mwalimu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Aliongea polepole, kila neno likilipiwa.

“Kinanuka,” alisema. “Unajua? Nikiamka najisikia mwenyewe. Fizi zinatoa damu. Kuna tundu huku nyuma ulimi unaingia. Daktari akitazama anaona gego, amalize, amwite mwingine. Wifi anaona mgonjwa. Wewe ukitazama utamwona mkeo. Na ukishaona hutasahau, hata nikipona. Wewe ndiye uliyekipenda kicheko changu.” Akapumua. “Wote wameona. Niachie mtu mmoja ambaye hajaona.”

Patasi alibaki amesimama katikati ya chumba. Muda wote ule alijihesabu kuwa wa mwisho, mtu aliyefungiwa nje ya kwake. Kumbe ni yeye tu aliyewekewa kitu kilichobaki kizima, na alichokuwa anapigania usiku na mchana ni kukivunja.

Wivu haukwisha, tusidanganyane. Lakini ulikosa la kusema.

“Na nikikukanda bila kuona?” aliuliza mwishowe.

“Utakandaje bila kuona?”

“Chini ya meza napiga msasa kila siku, sioni kitu. Vidole vinaona vyenyewe.”

Mwalimu alifikiri. Kisha akavuta kigoda, akampa mgongo.

Ikawa ndiyo kazi yao. Patasi aliondoa kioo cha kabati kilichoelekea kitanda, akakiegemeza kifudifudi ukutani, asije akajaribiwa. Asubuhi kabla ya karakana na jioni baada yake, aliosha mikono mpaka gundi ikabanduka, akakamua kitambaa cha moto, akasimama nyuma ya mkewe na kutafuta kwa vidole. Mwanzoni msuli wa shavu ulikuwa mgumu kama kamba iliyoloa ikakaukia juani. Alijifunza palipouma kwa namna bega la Mwalimu lilivyopanda, na hapo akapunguza. Haraka haraka haina baraka, alijikumbusha, na safari hii alikuwa akimwambia dole gumba lake. Mwalimu naye, akiwa ameelekea ukutani, akaanza kuzungumza. Alimsimulia wanafunzi wake: yupi anaisoma ba kama ma, yupi amemeza kifutio. Mkono wake ukasahau kupanda mdomoni, kwa kuwa nani angemwona, ukuta?

Dada alikuja kuchungulia, akatikisa kichwa. “Makubwa haya. Mtu na mkewe wanaongea kama wako kwenye foleni.”

“Na wewe sema na kisogo changu,” Mwalimu akamjibu, na dada akakosa neno, jambo ambalo Patasi alilisimulia karakana kwa muda mrefu.

Gego liliwatisha mara moja. Shavu likavimba, homa ikapanda, daktari akabadilisha dawa na kusema muda unakwisha. Siku hizo Patasi alikanda huku machozi yakimtoka, nayo hayo Mwalimu hakuyaona. Homa ikashuka. Vijiti vikarudi, na Mwalimu alivipachika mwenyewe, taratibu, mumewe akimshikilia taya kwa nyuma lisiende upande. Ikafika asubuhi alipojipima kwa vidole vyake, Patasi akasubiri nyuma yake amezuia pumzi.

“Vitatu,” Mwalimu alisema.

Sauti yake ilikuwa imejaa chumba. Patasi alitaka kuona kuliko alivyopata kutaka kitu chochote. Hatua moja tu ya kuinama, basi. Akabaki wima, akambusu utosini.

Siku ya kung'oa, daktari aliwapokea mlangoni, kinyago kimeshuka kidevuni, taa kubwa imeshawashwa juu ya kiti cha wagonjwa.

“Mzee, leo ingia,” alisema. “Kuna kiti pale mbele yake, umshike mkono. Umeifanya kazi hii kuliko mimi.”

Hapo sasa. Yote aliyoyaonea kijicho yalikuwa yamewekwa mbele yake, pamoja na kiti, na taa ya kumwangazia. Tena amepewa na daktari mwenyewe, kwa heshima. Patasi akamtazama Mwalimu. Mwalimu hakusema geuka. Baada ya yote yale asingeweza tena kulisema, na Patasi aliliona hilo. Aliona pia mkono wake, ulioanza kupanda polepole kuelekea mdomoni.

“Mimi nitakaa nje,” alisema Patasi.

Akaushika mkono ule, akaubana kidogo, akauachia. Kisha akatoka na kuufunga mlango mwenyewe.

Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja aliyefunga shavu kwa kitambaa, akingoja zamu yake, na maumivu hayakuwa yamempunguzia udadisi.

“Umemleta nani?”

“Mke wangu.”

“Na umekaa nje? Mume wangu mimi angekuwa anachungulia kwenye tundu la kitasa. Wewe wivu huna?”

Kutoka ndani ilisikika sauti ya daktari, laini, ya mtu aliyezoea kutiiwa: “Fungua, mama. Zaidi. Zaidi kidogo. Hapo hapo. Vizuri sana.”

Vidole vya Patasi vikaukamata ukingo wa benchi.

“Ninao,” alisema. “Unaniua.”

“Sasa si uingie?”

“Nimekaa nao hapa, mama.”

Na hakuinuka, mpaka mlango ulipofunguliwa kutoka ndani.